Kompyuta Iliyorudi Mei

Jumatatu, 2 Juni 2025

Balaa! Barua pepe ya familia ya Wajerumani, wanaotaka kushuka kreta mwezi Agosti, imekaa bila jibu tangu Jumatatu iliyopita. Niliisoma. Nilikusudia kujibu. Ikatokea mechi. Na wiki hii Mama Leonida, mwenye kampuni yetu ya utalii hapa Karatu, anateua mkuu wa ofisi: mimi Wilibrodi, au Penina wa mapokezi.

Nikapata akili. Nimerudisha tarehe ya kompyuta hadi 26 Mei, ndipo nikajibu. Wakiona tarehe watadhani mtandao ndio umechelewesha. Nilipobonyeza kutuma, programu ya barua pepe ikatoa onyo jekundu: cheti cha usalama cha seva bado hakijaanza kutumika, je, niendelee? Nikabonyeza ndiyo. Imekwenda! Mkuu wa ofisi huyo!

Jumanne, 3 Juni

Onyo linarudi kila nikitaka kupokea barua. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kidole kinauma. Nimezima modemu, nimeiwasha. Nimefuta akaunti, nimeiweka upya. Sasa maonyo yanakuja mawili mawili. Penina akauliza kama kuna kitu nimegusa. Nikamwambia sijagusa chochote. Tarehe nimeiacha Mei, ushahidi usije ukapingana.

Jumatano, 4 Juni

Mama Leonida ameliona onyo. Nikamweleza kwamba huenda mtu ameunganisha simu yake kwenye mtandao wa ofisi, virusi vikapita humo. Sikutaja jina. Nilimtazama Penina tu. Mama akamkataza kugusa kompyuta. Penina akafunga droo kwa kishindo, machozi yanamlengalenga. Nilijisikia vibaya mpaka chai ya saa nne.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya mkosi! Kalenda ya kompyuta ilisema leo hakuna wageni, nikaenda kunyolewa. Nusu ya kichwa imeisha, Penina ananipigia: bwana mmoja na mkewe, wazee, wamekaa juu ya mabegi yao uwanja wa ndege wa Manyara, gari hawalioni. Tayari alikuwa amemtuma dereva wetu, Kasaine. Nikakimbia hivyo hivyo, nusu nywele, nusu upara. Mama Leonida kasimama mbele ya kompyuta yangu.

“Wilibrodi, leo tarehe ngapi?”

Nikachungulia kioo cha kompyuta. “Ishirini na tisa Mei, mama.”

“Penina, hebu mwambie.”

“Tano Juni, kaka,” Penina akasema. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikaeleza kwamba baridi ya Karatu huchelewesha kompyuta. Mama akarekebisha tarehe mwenyewe. Onyo likatoweka papo hapo. Nikampongeza.

Ijumaa, 6 Juni

Wajerumani wamepiga simu kuuliza kwa nini tumewadharau. Kumbe jibu langu lilifika, ila kwa ile tarehe ya Mei lilizama chini ya barua zao za wiki nzima. Penina akaongea nao taratibu, akawaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Wanakuja.

Mama amemteua Penina. Kisha akaniagiza nimwombe msamaha mbele ya wote, Kasaine akiwemo, ambaye macho yake hayakutoka kwenye kichwa changu. Nikaomba. Penina akasema yameisha, ila kuanzia Jumatatu kila mtu awe ofisini saa mbili kamili.

Nimeumia, lakini nimekua. Ujanja na mimi basi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimechelewa kuamka. Ukungu umeshuka kutoka mlima Oldeani, bodaboda hazionekani. Nilipofika, Penina alikuwa uani akiongea na Kasaine. Ofisi tupu! Nikapanda kiti, nikairudisha nyuma saa ya ukutani, nikakaa mezani kama mtu aliyelala hapo.

Safari hii mpango hauna tundu. Saa ya ukutani haitoi onyo.