Utupu Unaosukuma Nyota

Jumatatu, 8 Juni 1998

Darasa limenikimbia katikati ya sifuri. Lote!

Nilikuwa nawapa wanafunzi wangu wa tuisheni habari kubwa niliyoisikia kwenye redio yangu ya mkulima, hii ndogo ya betri. Ulimwengu unatanuka, na leo unatanuka kwa kasi zaidi kuliko jana! Anayeusukuma nani? Utupu. Inasemekana mahali pasipo na kitu hapatulii kabisa. Vichembe vinachipuka na kutoweka humo bila kupumzika, na nguvu yao ndiyo inayosukuma nyota. Tatizo, wataalamu wakiijumlisha nguvu hiyo wanapata jibu lililozidi ukweli kwa sifuri mia na ishirini. Nikaona niwaandikie. Ubao ukajaa, nikahamia ukutani. Nilipofika mlangoni na chaki yangu, wote walikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao unaougawa ukumbi, kwa Mwalimu Venant, wanapika sabuni kwa mafuta ya samaki, sangara.

Sabuni! Hiyo nayo kemia?

Jioni kaja Mzee Mihayo, mwenye ukumbi. Nikamwamkia shikamoo, marahaba yake ikawa baridi. Kasema amechoka na kelele za walimu wawili, mmoja atoke. Mungu wangu! Tangu kiwanda kitupunguze kazini, tuisheni ndiyo inayoniweka mjini. Nikiukosa ukumbi ni safari ya ukweni, ng'ambo ya ziwa kwa kivuko cha Kamanga, kuchunga ng'ombe wa baba yake mke wangu Dorcas. Mwanaume mzima, nangojea ugali wa mama mkwe! Sijala chakula cha usiku.

Jumatano, 10 Juni

Nimepata wazo, karibu nilie kwa furaha. Tushindane Kisukuma! Kama Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma: uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na mambo yake. Hakuna hakimu. Mwenye watu wengi kashinda, kachukua ukumbi.

Mzee Mihayo macho yalimng'aa. Kumbe ujanani alikuwa mchezaji wa Bagalu. Kasema Jumamosi, uwanja wa Igogo. Venant kacheka, akasema yeye Mhaya hajui ngoma, ila sabuni ya bure anajua kuigawa. Mshenzi! Na suruali yake imepigwa pasi hadi inaudhi.

Alhamisi, 11 Juni

Nimelitoa sanduku la marehemu babu. Lile kubwa la mbao, lenye matundu ya hewa. Mwanza nzima ilimjua babu kwa kucheza na chatu wake, akimtoa humo taratibu mpaka wanawake wapige mayowe. Mimi nitatoa utupu. Nitafungua kifuniko niwaambie: tazameni, hamna kitu, na hicho kisicho kitu ndicho kinachosukuma nyota! Patakuwa kimya. Wengine watalia.

Dorcas kaniambia, Baba Pius, watu wakiliona sanduku hilo watangojea nyoka. Nikamjibu kwamba elimu hii imemzidi. Kasema sawa, akaanza kukunja nguo zake. Sikumuuliza kwa nini.

Jumamosi, 13 Juni

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Mwanzo ulikuwa mtamu, ndiyo maana unaniuma. Nilipiga ngoma ya babu nikilizunguka sanduku. Watu wakamiminika! Wavuvi, wachuuzi, kinamama na watoto migongoni. Venant alibaki na sufuria lake na bibi mmoja mwenye usingizi. Mzee Mihayo mwenyewe alisimama mbele kabisa upande wangu, anatikisa mabega. Nikajiona tayari mwenye ukumbi.

Nikafungua kifuniko. Nikalilaza sanduku waone vizuri. Nikapaza sauti: hamna kitu!

Pakawa kimya, kama nilivyotabiri. Kisha mama mmoja akapiga yowe kwamba chatu katoka.

Jamani! Nilipiga kelele kwamba hakuna chatu, hakuwahi kuwepo, na kadiri nilivyosema hakuna ndivyo walivyozidi kukimbia. Pande zote! Bibi wa usingizi alimpita Venant. Mzee Mihayo aliingia mtaroni na kutoka na kiatu kimoja. Kwa dakika nzima nilibaki peke yangu katikati ya uwanja, na sanduku langu wazi.

Halafu wakarudi. Kwa Venant. Sabuni ilikuwa imemwagika, kila mtu anaokota.

Jumatatu, 15 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Mihayo kujieleza. Kasema mtu anayeachia chatu Igogo hawezi kupewa ukumbi. Nikamwapia kwamba chatu hakuwemo. Akasema basi ni mbaya zaidi, nimewadanganya watu na ngoma nikawapigia. Pa kushika sina. Mtaani bado wanamsaka nyoka chini ya vitanda kwa fimbo. Venant kanitumia kipande cha sabuni. Nimekiogea, kinanuka samaki. Nimelia humo humo bafuni.

Jumapili, 21 Juni. Ukweni

Tulivuka jana. Dorcas alikuwa amefunga mizigo siku nyingi. Mkwe, Mzee Chenge, kaniangalia, kaliangalia sanduku, kanipa fimbo ya kuchungia. Afadhali angetukana.

Leo nyuma ya ng'ombe nimelia tena, kisha nikafikiri. Pale uwanjani, waliosimama karibu nami walikimbia kawaida. Wale wa mbali ndio walikuwa wa kasi ya ajabu! Na kila walivyozidi kuwa mbali, kasi iliongezeka. Si ndivyo nyota zinavyofanya? Utupu ulifanya kazi! Watu wa Igogo wameuona kwa macho yao na hawajui. Sikukosea hata kidogo. Sanduku ndilo lilikuwa dogo.

Mkwe ana kihenge kikubwa, kirefu kunipita. Nimekipima kwa fimbo. Kwa bahati mbaya kimejaa mahindi ya mwaka mzima. Kesho yeye na Dorcas wanakwenda mnadani kutwa nzima.

Nitayatoa.