Kuku wa Kuniaga

Alhamisi, 23 Juni 1960

Mwezi wa sita sasa niko hapa Kabondo, Kisangani. Nilitoka Ujiji kuja harusi ya Nyota, binti wa binamu yangu Asumani. Nilisema nitakaa siku tatu. Bibi harusi sasa ana mimba inayoonekana toka barabarani. Mimi bado nipo. Kitanda cha chuma, shuka nyeupe, dirisha la upande wa upepo. Kisangani ni mji mzuri.

Leo nimedhalilishwa. Mke wa Asumani, Mama Kadidja, kaniwekea lituma ya ndizi za kupondwa na sombe, kisamvu chao. Nyama hakuna. Siku ya nne mfululizo! Akaeleza kwamba mjomba wake, Tonton Yakubu, anakuja Jumatano kutoka Opala kutazama dipanda, yaani uhuru wao, na kwamba mzee wa miaka sabini halali kwenye mkeka. Alieleza huku akitazama kitanda changu.

Nikatafuna polepole. Kisha nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata hivyo mimi naondoka Jumatano kwa treni.

Asumani akasimamisha cherehani. Kadidja akatoka kwenda uani. Nikasikia kuku anakimbizwa.

Ijumaa, 24 Juni

Firigisi nilipewa mimi. Katika nyumba hizi firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mgeni akiwekewa, hakuna heshima inayozidi hiyo. Mara ya mwisho kuionja ilikuwa Februari.

Nimelala nikifikiri. Mgeni anayekaa hupewa majani. Mgeni anayeondoka hupewa kuku. Basi dawa ni kuondoka, na kuendelea kuondoka.

Baada ya swala nilisimama mlangoni mwa msikiti nikaaga watu mmoja mmoja. Wengi hapa babu zao walitoka kwetu na misafara ya zamani, kwa hiyo Ujiji ukiitaja wanalainika. Chozi moja lilinitoka lenyewe. Mialiko kumi na mmoja!

Kuondoka kwenyewe, hapana. Dipanda ni Alhamisi. Mtaa mzima utapika pilau, ng'ombe wawili wameshafungwa nyuma ya soko. Mpango: nile kuku mpaka Jumanne, Jumatano nichelewe treni, Alhamisi nile pilau. Aliyeachwa na treni huonewa huruma, na anayeonewa huruma hanyang'anywi kitanda.

Jumamosi, 25 Juni

Kuku watatu. Asubuhi kwa jirani Fatouma, mchana kwa fundi seremala, jioni kwa mjane mmoja ambaye jina lake sikulishika. Kila nyumba firigisi kwangu.

Kila nyumba pia imenipa kifurushi kidogo cha ndugu zao wa Ujiji. Fatouma, mkeka wa ukindu kwa shangazi yake. Seremala, kigoda. Mjane, samaki wakavu. Nimepokea kwa mikono miwili. Vitu vidogo. Havizuii mtu kukaa.

Jumapili, 26 Juni

Jirani yetu Nicolas ananichukiza. Mtu wa mtoni, mzaliwa wa Isangi, karani wa stesheni. Tai shingoni hata akienda chooni. Anaamini Alhamisi atapewa kiti cha bosi wake Mbelgiji. Ameshapima dirisha la ofisi kwa ajili ya pazia. Mji mzima uko hivyo, kila mtu amechagua kiti cha mwenziwe. Nawashangaa watu wasiotosheka na walichonacho.

Leo akaniuliza mbele ya Kadidja kama nimeshapata nafasi kwenye treni. Nikasema mimi ni mtu wa tawakali. Akasema treni si msikiti.

Kuku wawili. Vifurushi sita.

Jumatatu, 27 Juni

Msiba. Wamekuja hata nisiowajua. Mchele wa Yanonge. Mawese, chupa nne. Viatu vya marehemu fulani, apewe mwanawe. Barua kumi na saba. Jogoo mzima, mguu umefungwa kamba, anapelekewa dada mtu Kigoma.

Kadidja amepanga vyote juu ya kitanda changu, kwa unadhifu mkubwa, kwa sababu chini kuna mchwa. Mimi nimepewa mkeka. Nikauliza kama visingekaa ghalani. Akasema mali ya watu hailali ghalani.

Kuku watatu, lakini nimewala kwa wasiwasi.

Jumanne, 28 Juni

Kugeuza mpango. Nimeamka na homa. Nilitetemeka vizuri sana, nadhani, hata jogoo alinyamaza kunitazama.

Kadidja akanishika paji la uso. Akapeleka habari kwenye nyumba tatu zilizobaki kwamba Tonton Alfani hawezi kula kitu kizito. Nikaletewa uji. Uji mweupe! Harufu ya kuku wangu wa mwisho ikapita dirishani, wakaliwa na wenye nyumba zao. Saa kumi nikapona. Nikatoka kwa miguu yangu hadi kwa fundi baiskeli, nikakuta kuku mmoja amesalia. Nikamaliza.

Jioni nilimvuta Kadidja kando. Nikamwambia mwili bado dhaifu, pengine nisubiri treni ya wiki ijayo, na vifurushi navyo vitasubiri. Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda cha seremala akanitazama kama mtu anayetazama bei.

"Tonton," akasema, "batu bamekuamini. Weye mwenyewe utapita nyumba kwa nyumba kurudisha vitu vyao? Na kuku utarudisha?"

Ndipo akaingia Nicolas, na tai yake, ameshika tikiti. Zawadi yake ya kuniaga.

"Bon, Tonton. Namba kumi na ine, pembeni ya dirisha. Batu banapigana juu ya hii nafasi."

Sijawahi kuona ukatili kama huu.

Jumatano, 29 Juni

Nilikawia kuoga. Nilikawia kufunga viatu. Bure. Saa kumi na mbili watu arobaini walikuwa uani wamebeba vitu vyao. Walivuka nami mto kwa kivuko mpaka stesheni, wakasoma dua, wakaingiza vifurushi kimoja kimoja na kunihesabia mara mbili. Hawakunisindikiza mimi; walisindikiza mizigo. Mtu ambaye angeshuka kwenye treni hiyo mbele ya macho yale asingefika sokoni akiwa mzima.

Kwenye kivuko tulipishana na mzee mmoja mwenye mwavuli, anatokea upande wa pili. Kadidja alimpungia mkono kwa furaha. Yakubu wa Opala, nilijua mara moja. Alikuwa na uso wa mtu anayependa kulala.

Ndani ya treni nikafungua barua ya Asumani kwa kaka yake Feruzi wa Ujiji. Haikuwa imegandishwa sawasawa. Anasema: Ndugu, namrudisha Alfani, ni mzima, usimhurumie. Amekula kuku tisa kwa siku sita.

Uongo mtupu. Ni kumi. Ndiyo shukrani ya ndugu!

Alhamisi, 30 Juni

Ubundu. Dipanda. Ngoma toka alfajiri, bendera, watu wanakumbatiana na polisi. Na mimi gatini, nimekalia mchele wa watu, nikisubiri meli ya kwenda Kindu ya Jumamosi. Pilau ya Kabondo inaliwa saa hii bila mimi.

Katekista mmoja, Augustin, aliniona na vifurushi ishirini na tatu akaniita papa, yaani baba. Akanipeleka kwake. Mkewe, Félicité, mwanamke mpole. Kitanda kizuri, cha mbao. Sombe, makemba ya kuchemsha, yaani ndizi. Hakuna nyama.

Nikala kwa adabu. Kisha nikawaambia, kwa sauti ya chini, kwamba naondoka Jumamosi. Félicité akashika shavu kwa huzuni. Karani wa gati anasema meli nyingine ipo baada ya majuma mawili.

Nimemwuliza Augustin majirani zake wanaitwa nani. Ametaja saba. Nimeandika wote.