Msemaji Aliyekubali Kwamba Binti Hayupo

Leo nimeaibika. Si aibu ya kuteleza kwenye matope ukaamka ukajifuta. Nimeaibika nikiwa ndani ya suti, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukoo mzima wa binti tuliyekwenda kumposa huko Magara.

Kundi hili lina wapya, kwa hiyo nijitambulishe (wanaonijua waruke mistari michache, ingawa sioni kwa nini waruke mambo mazuri). Nilirudi nyumbani kutoka ukimbizini Tanzania na begi moja na diploma ya ugavi. Leo nina duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapa Rumonge: misumari, mabati, rangi, mabomba, koki za kila saizi. Nyumba yangu ni ya vigae. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Na nina kazi ya pili, isiyolipa, lakini inayonipa heshima kuliko hata duka: mimi ni msemaji. Familia ikienda kuomba binti inahitaji mtu wa kuongea kwa niaba yake, mwenye ulimi mwepesi na majibu ya papo kwa papo. Kuanzia Kabezi mpaka huku kwetu, wananiita mimi. Sijawahi kurudi mikono mitupu. (Nilikuwa nikisema hivyo mpaka leo saa tisa alasiri.)

Chanzo ni kitambi.

Miezi michache iliyopita niliona video ya harusi moja niliyoisemea. Mpiga picha alikuwa amesimama ubavuni. Kitambi kiliingia kwanza, kikakaa kidogo, halafu nikaingia mimi. Najua, huku kwetu kitambi ni cheti cha mtu aliyefanikiwa. Lakini mimi cheti ninacho tayari, nimekitia fremu ukutani!

Mama mmoja anayeleta vipodozi kutoka nje akaniuzia sindano za kupunguza mwili, zile zilizotengenezwa kama kalamu, unajidunga tumboni mara moja kwa wiki. Daktari? Daktari wa nini, mtu mwenye diploma? Karatasi ya maelezo niliisoma mwenyewe. Nilisoma upande wa namna ya kudunga. Upande wa pili, wenye herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, niliuacha. Wiki ya tatu nikaona mambo yanakwenda polepole, nikajiongezea kipimo.

Niseme ukweli: mwili ulipungua. Mkanda ulirudi matundu manne. Nikawa napita mbele ya kioo cha duka mara mbili mbili. Lakini kuna kitu kingine kilianza kuondoka pamoja na kitambi, na sikujua jina lake.

Kwanza chakula. Mnamjua mukeke wa kuchoma wa pale ufukweni, samaki mwenye mafuta yake mwenyewe, na ndizi pembeni. Zamani harufu yake ilinifanya nifunge duka kabla ya saa. Sasa namwangalia kama naangalia tofali. Hilo lilinifurahisha, nikajua dawa inafanya kazi. Kisha wateja wakaanza kunitania nisijue la kuwajibu. Kanisani kwaya ikaimba wimbo ninaoupenda kuliko zote, mimi nikabaki nahesabu madirisha. Asubuhi moja nilikaa ndani ya gari nje ya duka langu mwenyewe, ufunguo mkononi, nikitafuta sababu ya kushuka. Niliitafuta kwa muda mrefu.

Mke wangu akaniambia, "Baba Kelia, umekuwa kama mtu anayengojea habari mbaya."

"Nimechoka tu," nikamjibu. (Nilikuwa sijafanya kazi yoyote.)

Sasa tuje leo.

Aliyekuwa anaposa ni Fidele, mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alitutoka tukiwa bado Tanzania, na huyu kijana nimemlea tangu hajui kufunga viatu. Anampenda Nadine, mwalimu wa shule ya msingi huko Magara. Baba wa Nadine ni muzee Lazaro, mwenye mitumbwi ya kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwani, na alikuwa amekwisha kutuahirisha mara mbili. Sababu yake haikuwa siri: hawa waliotoka Tanzania hatuwajui, hatujui wanaficha nini. Safari hii amekubali kutusikiliza. Fidele alipanda gari asubuhi amevaa shati alilolipiga pasi mara tatu, akaniambia polepole, "Mjomba, wakisema hapana leo, ndiyo basi tena."

Nikamwambia, "Unajua umepanda gari na nani?" Nilisema hivyo kwa mazoea. Ndani nilikuwa mtupu kama pipa.

Tukafika. Maturubai yamefungwa, viti vimepangwa safu mbili zinazotazamana, wao upande wa ziwa, sisi upande wa barabara. Kreti zetu za vinywaji zikapokelewa. Kikaletwa chungu cha pombe ya ndizi chenye mirija, na msemaji ndiye anayevuta wa kwanza. Nikavuta kidogo sana. Nikashika kipaza sauti haraka ili nisalimie mambo yaishe.

"Amahoro, ba..."

Nikabeua. Kwenye kipaza sauti! Na si kubeua kwa kawaida. Waliowahi kutumia dawa hizi wanajua: inatoka harufu ya yai viza. Mchungaji wao alikuwa amekaa safu ya mbele. Alifumba macho. Nadhani aliomba.

Hilo lingepita. Watu wa huku ni waungwana.

Kisha ukaanza mchezo. Kwa wale ambao hawajawahi kwenda kuomba binti: wenyeji hukana. Lazima wakane. Watasema hawakujui, umepotea njia, hapa hakuna binti. Kazi ya msemaji ni kuwabana kwa maneno mpaka wacheke na wakubali kwamba binti yuko. Ni kama mpira: wao wanarusha, wewe unarudisha. Msemaji wao alikuwa muzee Sipiriyani, mwalimu mstaafu, mtu mwenye sauti ya ngoma.

"Karibuni, batu ya Rumonge," akasema. "Munaonekana mumepotea njia. Binti gani munatafuta? Hii nyumba iko na wavulana tupu!"

Jibu la hapo ninalo tangu zamani. Huwa nasema, "Basi muzee, hao wavulana ndio wanaoanika magauni kwenye kamba ile?" Watu hulala chini kwa kicheko. Leo nilifungua mdomo nikalitafuta. Halikuwepo. Nikamwangalia muzee, nikaangalia nyumba, nikaona kweli, mbona huenda hayupo. Kwani kuna kitu gani ambacho huwa kipo?

Nikasema, "Hayupo? Basi. Poleni kwa usumbufu."

Nikaweka kipaza sauti juu ya meza. Nikawageukia watu wetu. "Twendeni."

Watu wakalipuka kwa makofi! Pande zote mbili! "Ee, huyu muzee ni fundi!" "Hiyo ya leo ni mpya!" Dereva wetu, kijana wa kutoka Uvira, akapiga mluzi. Mimi nikatembea mpaka kwenye lango, nikatoka, nikafika kwenye gari. Hakuna aliyenifuata. Ufunguo ulikuwa kwa dereva. (Kama ungekuwa kwangu, sasa hivi ningekuwa nimeshalala.)

"Rudi, mukwe wetu!" Sipiriyani akaita, furaha imemjaa. "Mwanaume anachoka mapema hivyo?"

Nikarudi.

"Sema basi, muzee. Uliona nini ku nyumba yetu, mukatoka mbali hivyo?"

"Sijui."

Kicheko.

"Hukuona ua hapa?"

"Hata likiwa ni ua," nikasema, "litanyauka. Ukilichuma linanyauka, ukiliacha linanyauka. Tunaoa, tunazaa, tunazika. Dada yangu alimzaa huyu kijana akiwa na furaha kuliko sisi wote hapa. Yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nawatazama watu sitini na hakuna hata mmoja aliyepepesa macho. Halafu, jamani, machozi. Yakaja bila kelele, bila kwikwi, kama bomba lililokatika usiku hakuna wa kulifunga. Nikajaribu kuyafuta kwa tai. Tai ni ya hariri, hainyonyi maji.

Muzee Lazaro akasimama.

"Simamisha," akasema. "Mutu anakuja kuomba mutoto wangu halafu analia? Munaficha nini? Kijana iko mugonjwa? Ao iko na bibi mwingine kule Tanzania?"

"Hapana, baba," Fidele akasema. "Hakuna..."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza huyu mwenye kulia. Anajua kitu."

Nilimwona Fidele akinitazama. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile tuliyomzika mama yake, akingoja mimi niseme tunafanya nini sasa.

Shangazi wa binti akanishika mkono. Anaitwa Mama Goreti, ni muuguzi. Akanivuta mpaka nyuma ya jiko, mahali walipoanika ndagala juu ya nyavu.

"Papa, umekonda lini hivi?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani yenye kunuka yai?"

Nikageuka nikawaangalia ndagala.

"Unajidunga?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nani alikuandikia?"

"Mimi mwenyewe."

"Una diploma ya udaktari?"

"Ya ugavi."

(Hata nzi wa ndagala walitulia.)

Sikutarajia kwamba hatanicheka. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza nalala vipi, nakula nini, tangu lini sifurahii kitu. Nikamweleza yote, hata ile asubuhi ya kwenye gari, ambayo sijamweleza mke wangu.

"Sikia, papa," akasema. "Mimi siwezi kujua kama ni sindano, ao ni njaa, ao ni huzuni ya zamani yenye ilikuwa inangoja tu. Kuna batu wanasema moyo wao unazima wakiwa ku dawa hizi. Wengine hawasikii kitu. Kupima ni kazi ya daktari, si yangu, wala si ya mwenye duka la misumari. Lakini wewe usingoje wiki ijayo. Ni kesho asubuhi. Na leo mwambie mama wa nyumbani kwako yote yenye umeniambia."

"Nitamwambia."

"Na kule mbele mutoto wako anaungua. Nenda useme ukweli. Ao niseme mimi?"

Ndugu zangu, nilifikiria. Nilikuwa na uongo mzuri wa aina tatu tayari: homa, msiba wa jirani, moshi wa jiko. Wowote kati ya huo ungeniokoa mimi. Lakini muzee Lazaro alikuwa anatafuta uongo, na angeunusa, na lawama angemwekea Fidele.

Nikarudi. Nikachukua kipaza sauti.

"Kijana hana ugonjwa," nikasema. "Hana mke Tanzania. Hana siri. Mwenye siri ni mimi. Najidunga sindano ya kupunguza kitambi. Nilijinunulia bila daktari, nikajiongezea kipimo bila daktari, na tangu hapo sili, sicheki, na siku nyingine sioni sababu ya kuamka. Leo mmesema binti hayupo, nikaamini. Nisameheni. Msimhukumu yeye kwa tumbo langu."

Kisha bibi mmoja mzee kwenye safu yao, sijui hata jina lake, akapiga kofi kwenye paja.

"Yoo! Kitambi Mungu alikupa bure, ukanunua dawa kitoke?"

Hapo ndipo waliponimaliza. Watu walicheka mpaka kreti zikagongana. Mchungaji alicheka. Dereva wangu alicheka akatoka nje ya turubai ili acheke vizuri. Bibi yule alikuja akanishika tumbo kwa mikono miwili, mbele ya watu, akaligeukia turubai zima: "Kweli, hakuna kitu!"

Muzee Lazaro peke yake hakucheka. "Ni hiyo tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu."

"Na kijana?"

"Kijana ni mzima. Nimemlea mimi, lakini tabia ni za mama yake."

Akakaa. Akauvuta mrija wake kwenye chungu, akanywa polepole, sisi wote tukimtazama koo. "Mutu mwenye anaweza kusema aibu yake hivyo ku mikro," akasema, "hana nafasi ya kuficha ingine." Akampa ishara Sipiriyani.

Sipiriyani akasimama, akajifuta macho kwa kitambaa. "Murakoze, asanteni, wakwe zetu. Nimekumbuka sasa. Binti yuko! Lakini siku ya mahari, tafadhali, mutuletee musemaji mwenye amekula."

Nadine akatolewa nje, vigelegele vikapigwa, Fidele akaziba uso kwa viganja viwili. Mimi nilikuwa naangalia yote hayo. Nilijua kwamba ni furaha, kama vile ukisimama Magara unavyojua kwamba ng'ambo kule ni Kongo: unaiona milima yake, lakini wewe bado uko huku.

Nimefika nyumbani, nimemwambia mke wangu kila kitu. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu ameacha kucheka, ameinuka, ametoa kalamu ile kwenye friji na kuiweka ndani ya mkoba wake, twende nayo kwa daktari asubuhi. Hakuniuliza kama nataka kusindikizwa.

Basi chekeni, nimewaruhusu, mimi mwenyewe nimeandika kwa mkono wangu. Ila mkimaliza, mmoja wenu anipigie simu aulize naendeleaje, na nikimjibu "salama", asikate.