Kilo Mbili za Banjo

Jumatatu, 3 Juni

Banjo amepimwa. Kilo arobaini na moja! Daktari Thuy, anayetibu wanyama wa mji wetu, ni kijana lakini ana macho ya mwalimu mkuu. Alisema moyo wa mbwa huyu unafanya kazi ya mbwa wawili. Apungue kilo mbili kufikia Ijumaa ya tarehe 28 na azidi kupungua polepole baada ya hapo, la sivyo baridi hii huenda ikawa ya mwisho kwake. Akanipa kikombe cha kupimia chakula. Matembezi kila siku. Makombo ya mezani marufuku. Nikamjibu kwamba nimenyoa kondoo miaka arobaini na hakuna mnyama aliyewahi kunishinda.

Banjo alikuwa wa Merle. Tangu Merle, mke wangu, afariki mwezi wa Februari, ni Banjo peke yake anayeinua kichwa nikiingia mlangoni. Huyu naye siwezi kumpoteza.

Kikombe ni kizuri. Nimekitia misumari.

Jumanne, 4 Juni

Matembezi yameanza. Goti langu halitaki habari hizo, kwa hiyo nimetumia akili: mimi ndani ya pikapu, Banjo akimbie nyuma. Mwendo wa pole kabisa. Nilipofika kwenye maghala ya ngano nikatazama kioo. Barabara tupu. Nikageuza, nikamkuta ameketi katikati ya lami, mita mia kutoka getini kwetu, anangoja apakiwe kama mbwa yeyote wa shamba mwenye akili timamu. Nikamsukuma matako mpaka akapanda. Tukazunguka pamoja, masikio yake yakipepea.

Kwenye kalenda nimeandika: kilomita sita.

Jirani yangu Valma, muuguzi mstaafu, alikuwa akitutazama juu ya ua. Akauliza kama daktari alisema gari ndilo lipungue. Watu wengine hawajui mazoezi.

Alhamisi, 6 Juni

Valma kaja na ombi. Eti anaogopa kutembea peke yake alfajiri kwa sababu ya ndege wanaodonoa watu vichwani. Ndege hao hawadonoi mtu mpaka majira ya kuchipua, lakini sikutaka kumwaibisha. Nikamwazima Banjo. Mwanamke mpweke lazima asaidiwe, na Merle alimpenda sana.

Alipokiona kikombe, akamwaga misumari yangu bila hata kuomba ruhusa. Sasa anakuja asubuhi na jioni kumpimia Banjo chakula. Nimemwachia. Mstaafu anahitaji kitu cha kumshughulisha.

Jumapili, 9 Juni

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu.

Kondoo mmoja mzuri hutoa sufu ya kilo tano. Banjo ana manyoya mazito kuliko nusu ya kondoo wa wilaya hii. Tuseme kilo tatu, kwa tahadhari. Sharti la daktari ni mbili tu! Sielewi kwa nini hakuna aliyeliona hili kabla yangu. Wamesoma mno.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemnyoa. Dakika nane, bandani kwangu, bila mkwaruzo hata mmoja. Mkono haujasahau. Banjo alilala chali kama kondoo mwenye adabu, na mimi nilijisikia mwenye umri wa miaka thelathini.

Manyoya niliyatia guniani, nikayatundika kwenye mizani ya sufu, nikatoa uzito wa gunia kama ilivyo desturi. Gramu mia tatu. Nikaigonga mizani. Gramu mia tatu.

Mizani mbovu.

Des, tuliyenyoa naye miaka yote ile, alipita kuazima jeki. Akamwangalia Banjo kwa muda mrefu.

"Alby, huyu nguruwe umemwiba wapi?"

Nikamwambia acheke tu. Tarehe 28 tutaonana.

Jumamosi, 15 Juni

Barafu juu ya nyasi. Banjo anatetemeka mpaka meno yanagongana. Hili sikulipigia hesabu.

Nikafungua kabati ambalo sijaligusa tangu Februari. Nimemvika sweta la kijani la Merle, mikono nimeikunja mara mbili. Mfukoni nikakuta kipande cha karoti, kikavu kama kijiti. Merle hakumpa mbwa biskuti za chai hata siku moja. Alimpa karoti, kipande kimoja, kisha akamwonyesha viganja vitupu ili aamini kwamba zimekwisha. Banjo alinusa mfuko ule, akalala papo hapo. Na mimi nikakaa naye sakafuni, goti litake lisitake.

Valma alipomkuta vile hakucheka. Alifunga vifungo vizuri, akamtoa kwa matembezi.

Ijumaa, 28 Juni

Kilo thelathini na nane na nusu! Bila sweta! Daktari Thuy alimpima mara mbili. Akasikiliza moyo, akatabasamu, akasema tukiendelea hivi Banjo ataiona Krismasi na nyingine baada yake. Ilibidi nifute miwani.

Kisha nikawaeleza wote waliokuwa wakingoja, hata mwenye kasuku, juu ya njia yangu ya kunyoa. Valma, aliyekuja nasi, alisubiri nimalize.

"Alby, ni matembezi. Saa nzima kila asubuhi, na kikombe kimoja. Basi."

Nikamshika bega. Nikamwambia asijidharau, mchango wake nao ulikuwepo. Akatazama dari.

Nje, Banjo aliruka akapanda pikapu peke yake. Peke yake! Merle angepiga makofi. Nilisimama pale kama mtu aliyeshinda kombe.

Jioni tumesherehekea, mimi na Banjo tu. Soseji nne kwake, moja kwangu. Mimi lazima niangalie uzito.