Kibandiko Chekundu Mlangoni kwa Mwoka Mikate

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kupima Matumizi ya Nishati.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaokaa penye kiyoyozi. Mimi ni mwoka mikate. Jumanne iliyopita ofisa wako, mstaarabu sana, mwenye kalamu nne mfukoni, alisoma mita yangu, akagawanya uniti za umeme kwa thamani ya mauzo yangu, kisha akanibandikia mlangoni karatasi nyekundu: MFUJAJI WA NISHATI. Shemeji yangu, mpamba keki wa chumba cha pili, amepata ya kijani. Sina kinyongo naye hata kidogo. Nina hoja nne tu.

1. Shemeji hana tanuri. Keki zake zote naoka mimi, kwa mita yangu, kisha zinapitishwa kwenye kidirisha cha ukutani ziende kwake kupakwa sukari. Moto umeandikwa kwangu, mauzo yameandikwa kwake. Kwa hesabu hiyo mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa mlafi ile miezi tisa, na mimi nilizaliwa bila gharama.

2. Mwezi uliopita shemeji alipandisha bei. Hakubadilisha hata taa moja, lakini ufanisi wake ukapanda siku hiyo hiyo. Basi naomba kibali niuze mkate kwa bei ya ng'ombe. Nikipata mnunuzi mmoja kwa mwaka nitakuwa mfano wa kuigwa.

3. Mchoma matofali wa ng'ambo ya barabara anatumia kuni. Moshi wake umeifanya aproni yangu nyeupe kuwa na rangi ya panya. Kwa kuwa kuni hazina mita, ofisa aliandika sifuri na kumpa kijani. Fundi viatu naye alishafunga duka akahamia kwa binti yake. Ofisa aligawanya sifuri kwa sifuri, akafikiri kidogo, akamtangaza wa kwanza mtaa mzima. Sote tukifunga kazi tukalale, nchi itachukua kombe.

4. Hii ndiyo inayoniuma. Miaka kumi na moja nimeilisha mikate hospitali yetu, na wauguzi huniita Baba Mkate. Sasa hospitali inataka wenye kijani tu, na shemeji ameomba zabuni. Akiipata, mikate ya wagonjwa itaokwa wapi? Kwangu! Tanuri lile lile, mikono hii hii, ila itapita kwenye kidirisha ili itakasike. Nasema wazi, nimeumia.

Kwa hiyo naomba mita yangu na ya shemeji zisomwe pamoja, moshi utafutiwe mita yake, na ofisi yenu nayo ipimwe: uniti za kiyoyozi zigawanywe kwa idadi ya vibandiko vilivyo sahihi. Nawaombea msije mkagawanya kwa sifuri.

Nisalimie karani wa mapokezi, dereva, na ofisa wa kalamu nne. Siku hizi ana tatu; ya nne aliisahau hapa, ndiyo ninayoandikia.

Ni mimi, kutoka penye joto,
Mwoka Mikate

Tanbihi: Kabla sijaipeleka barua hii posta, mke wangu aliisoma akampelekea kaka yake. Shemeji alikuja na kamba isiyoshika moto akaziba mianya ya mlango wa tanuri, ule ninaouegemeza kwa tofali tangu mwaka juzi, ule alioniambia mara tatu kwamba unavujisha joto, nami nikamjibu kuwa ana wivu. Leo ni siku ya nne, mikate ni ile ile, na mita inakwenda nusu ya mwendo wake wa zamani. Fomu ya zabuni pia ameniletea nisaini. Kumbe tangu mwanzo aliandika majina mawili, langu likiwa la kwanza.

Basi chekundu changu kiacheni. Na kile cha kijani msimnyang'anye shemeji: mlimpa kwa hesabu mbovu, lakini anakistahili.