Binti Ametupa Mgongo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechezewa shere! Mchana kweupe, tena na mtu niliyemleta mimi mwenyewe. Kalamu imetoboa karatasi nikiandika sentensi hiyo. Potelea mbali.

Mambo yako hivi. Mjomba ana studio ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Studio ni neno kubwa. Ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, na ndani yake kabati la nguo lililobandikwa vipande vya magodoro. Kabatini mna maikrofoni moja na skrini ndogo, na anaingia mtu mmoja mmoja. Likizo hii tunafanya tamthilia ya vijana wa shule wanaopendana na kusalitiana kila jioni. Tunachorekodi leo kinaonyeshwa kesho.

Mimi ni Mpole, kijana anayempenda Binti kimya kimya. Binti ni msichana wa darasani kwetu tunayemwita Kengele, kwa sababu ya sauti yake. Nampenda tangu kidato cha kwanza. Kimya kimya vilevile. Studio ina kiti kimoja, na kila akifika mimi husimama nikamsogezea. Huo ndio uchumba wangu wote mpaka sasa.

Alipohitajika mtu wa kuwa Mtanashati, yule rafiki wa Mpole anayempora Binti, nikampendekeza rafiki yangu Redio. Jina hilo amelipata kwa sababu hazimiki. Redio ndiye mtu pekee duniani niliyempa siri yangu. Alikula yamini! Alisema, ndugu yangu, huyo ni shemeji yangu, niachie mimi.

Leo nimemkuta shemeji yake ameegemea ukuta kwa kicheko, na Redio amembebea mkoba. Mkoba wa maua! Nikauliza kulikoni. Redio akanipiga bega, akasema eti ananifungulia njia.

Ijumaa ni sehemu ya mwisho. Baada ya hapo sitakuwa na kiti cha kumsogezea mtu. Lazima Kengele ajue kabla ya Ijumaa. Na Redio lazima aumbuke.

Jumanne, 5 Agosti

Kisasi kimeanza.

Mjomba ni mvivu wa kutafsiri. Maandishi hufika kwanza, picha hufuata baadaye, naye hunitupia maandishi akisema wewe unayekula vitabu, kula na haya. Vizuri sana. Redio amesahau kwamba kila neno linalotoka kinywani mwake limepita kwanza mikononi mwangu.

Mtanashati alipaswa kusema, "Umependeza leo." Nikaandika: "Haiba yako imenighafilisha, ewe uliyetunukiwa mng'ao." Kisha nikakaa nje ya kabati, miguu nimekunja, kusubiri aibu yake.

Akajikwaa mara moja. Halafu akaiweka karatasi chini na kusema, "Dada, ukipita wewe, jua lenyewe linaomba ruhusa." Yakaingia mdomoni mwa Mtanashati kama kofia kichwani! Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Seremala akazima msumeno aje asikilize. Akasema huyo kijana ana kipaji, siyo yule mwenzake anayeongea kama anasoma tangazo la msiba.

Mwenzake ni mimi.

Kengele akaomba lirudiwe. Likarudiwa. Mara tatu! Nimesaga meno mpaka taya linauma.

Jumatano, 6 Agosti

Bibi ameiona sehemu ya jana. Amepiga makofi kwa ajili ya Redio, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kisha akanigeukia akasema, mjukuu wangu, huyu mwenye sauti yako ni boga. Amesimama getini tangu wiki iliyopita, hana miguu? Nikamwambia kwa upole kwamba Mpole ni mwaminifu. Akasema hata lile geti ni aminifu, lakini hakuna anayelichumbia.

Nikamwongezea chai. Ni bibi yangu. Lakini nimeumia.

Sasa hasira zimenizalia akili. Maandishi ya sehemu ya mwisho yamefika. Ukurasa mmoja ni wangu: Mpole, getini, mvua, "Nitasubiri." Ukurasa unaofuata: "BINTI (ametupa mgongo): Sijui niseme nini." Baada ya hapo, kabla Mpole hajarudia "Nitasubiri", kimya, sekunde ishirini.

Sekunde ishirini!

Mjomba ana sheria moja tu kazini. Mdomo wa kwenye picha ukifunga, nawe funga, ukifunguka, jaza. Ndiyo maana siwezi kuongeza maneno nipendavyo. Lakini mtu aliyetupa mgongo hana mdomo! Unaweza kumpa hotuba ya waziri, nani atajua? Na kwa kuwa ukurasa uliotangulia ni wa Mpole, bila shaka Binti anamwambia Mpole. Yaani ananiambia mimi, kwa sauti ya Kengele! Picha hazijafika, lakini picha za nini?

Nimechana karatasi nyingi. Mwisho imekuwa hivi:

"Wengine wananitazama, wewe unanisikiliza. Nikichelewa hunisuti, unanisogezea kiti. Siku nisiyoisikia sauti yako naiona kama haikucha. Si kwamba sikupendi. Nilikuwa naogopa kuanza."

Kesho atayasema. Yatamgusa. Atauliza nani ameandika. Nitasema: mimi, na ni yako. Nimeshafanya mazoezi bafuni. Redio atabaki kubeba mikoba ya shangazi zake.

Alhamisi, 7 Agosti

Namchukia seremala.

Picha zilifika asubuhi. Nilitaka kuzitazama. Lakini seremala ana kitanda cha watu wa harusi, na msumeno wake ukilia unaingia kwenye maikrofoni. Mjomba akaniweka nje nimlinde. Kwa hiyo wakati Kengele anaingia kabatini kusema maneno ya maisha yangu, mimi nilikuwa nimeshikilia ubao na kumsikiliza mzee mzima akilalamika kuhusu bei ya misumari.

Hata hivyo nilimsikia. Kupitia magodoro. Alipofika "hunisuti" sauti ikakatika, akaanza upya. Alitoka anajifuta macho kwa mkono wa blauzi. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Akauliza, Redio akiwa pembeni, pale kwenye mgongo nani ameandika.

Hapo ndipo pa jibu. Jibu nilikuwa nalo! Nikafungua mdomo. Ulimi ukaganda kama gundi ya seremala. Nikasema, "Imekuja hivyohivyo."

Akasema, "Aha." Akaingia ndani, akaketi. Kiti alijisogezea mwenyewe.

Ikawa zamu ya Redio. Anayefuata huvaa hedifoni na kumsikia aliyetangulia, ili ajue pa kujibu. Akakaa humo muda mrefu. Akatoka kimya. Redio, kimya! Akamwomba mjomba amsikilizishe tena. Nilifurahi kweli. Nilidhani amesikia jinsi Binti anavyomkana, na roho imemvunjika. Nikampa maji ya kunywa, tena kwa huruma.

Halafu nikaingia mimi. Mjomba akairudisha picha nyuma kidogo.

Si getini!

Ni kwenye ngazi. Binti ametupa mgongo sisi, lakini mikono yake iko shingoni mwa Mtanashati. Maneno yangu yote, neno baada ya neno, yanamiminika kwenye sikio la Mtanashati. Kisha ndiyo linarudi geti, na Mpole peke yake, amelowa kama tambara la deki. Walikuwa wamehama mahali katikati ya kurasa mbili na hakuna aliyeniambia!

Nikamwomba mjomba afute. Akasema hajawahi kusikia kitu kitamu kama kile, na kazi lazima imalizike kabla seremala hajawasha msumeno. Akasema niseme "Nitasubiri" yangu, na nitie uchungu.

Nikasema. Mjomba akavua miwani. Akasema kumbe naweza kuigiza nikitaka.

Kosa ni la seremala, asilimia mia.

Ijumaa, 8 Agosti

Imeonyeshwa. Nyumba za jirani zote zilikuwa kimya. Bibi alilia kwenye ncha ya kanga. Akasema aliyeandika maneno yale anajua kupenda, na msichana atakayempata ana bahati. Moyo ukanipanda. Nikasogea karibu, nikitaka kumwambia.

Likatokea geti. Bibi akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akauliza mbona bado uko hapo.

Nimeingia chumbani na kufunga mlango kwa kishindo. Kisha nikatoka kuomba radhi. Kisha nikarudi na kuufunga polepole, lakini kwa hasira ileile.

Jumamosi, 9 Agosti

Redio amemwambia Kengele kwamba maneno ni yake!

Nimempata nje ya karakana. Sijawahi kumkaba mtu, na leo pia sikumkaba, ila nilisimama karibu sana. Nikamwambia yeye ni msaliti, mnafiki na mwizi wa maandishi ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikaona kidogo aibu usoni. Kisha akasema, ndugu yangu, uliulizwa mbele yangu ukasema imekuja hivyohivyo. Kitu hakina mwenyewe. Nimekiokota.

Nikapiga moyo konde. Nikaenda kwao Kengele bila kusimama njiani.

Alikuwa anaanika nguo. Akaongea yeye kwanza. Akasema siku ile aliniuliza mimi kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu alishajua. Pale studio, anayemsogezea kiti ni mmoja tu. Akasema alitaka tu nikubali, na nikakataa. Baadaye Redio akadai ni yeye. Akauliza, huku ameshika shati la mdogo wake, kama Redio anasema kweli.

Geti lilikuwa wazi! Wazi kabisa! Hata bibi angepita!

Mama yake akachungulia dirishani. Akauliza kwa wema mwanangu umekuja kufuata nini.

Nikasema nimekuja kuazima kamusi.

Kengele akalibana lile shati kwenye kamba kwa vibanio viwili, akaingia ndani, akaniletea kamusi. Akasema, "Haya. Basi." Lile "basi" lilikuwa na sauti ileile ya kwenye kabati, ila bila machozi.

Kamusi ninazo tatu. Sasa ni nne. Nilipogeuka kona nikamwona Redio anakuja, ameoga, amechana nywele. Akanisalimia! Nimefika nyumbani nikaipiga teke ndoo. Ilikuwa na maji.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikulala vizuri jana, sikula vizuri, na leo nimewapita Redio na Kengele wakitoka dukani. Kengele ameshikwa mkono. Mkoba anaubeba yeye mwenyewe siku hizi. Redio amechoka mapema, na bado anapendwa!

Lakini sijaandika ili nilie. Nimekaa na kutafakari kwa makini makosa yote yaliyofanyika. Mjomba aliharakisha. Bibi alinivunja moyo. Mama Kengele alichungulia. Seremala ndiye mbaya kuliko wote. Kwangu mimi sijaona kitu.

Na leo mjomba ameleta tamthilia mpya! Ni ya hospitali. Kengele ni nesi. Mimi ni daktari, mtu mzima mwenye heshima, hasimami getini. Na Redio? Redio ni mgonjwa aliyepoteza fahamu. Analala tu kitandani tangu mwanzo, hana neno hata moja! Mungu yupo.

Mjomba amenipa maandishi nianze kutafsiri. Nimesoma haraka mpaka nikafika pale. "NESI (ametupa mgongo)." Halafu kimya, sekunde arobaini. Mara mbili ya zile!

Nimeshaandika kurasa mbili. Ni nzuri kuliko za mwanzo, maana sasa nina kamusi nne. Kesho atayasema, atatoka analia, ataniuliza, nami nitajibu. Picha zinafika kesho, lakini sina haja nazo. Ukurasa uliotangulia ni wa daktari. Kwa hiyo, bila shaka yoyote, anamwambia daktari.