Video Isiyotingishika

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Hajati Kadijah amefika studio mapema. Binti yake, Hawah, anaolewa Koboko Jumamosi. Hawah nimempiga picha tangu ana meno mawili, kwa hiyo nikafungua daftari la oda za picha. Kumbe anataka video. Kama siwezi, atamwita Muzamili wa Koboko. Nikamwambia video ni kazi yangu ya siku nyingi. Uongo mtupu. Lakini familia hii ninayo miaka ishirini, na kusema kweli niliogopa.

Jumanne, 5 Agosti
Kamera ina kitufe cha video. Siku zote nilidhani ni cha betri. Nimejaribu kwa mke wangu, Pasca, akichambua maharage. Ukungu mtupu. Pasca akasema mikono yangu inatetemeka. Nimemsikiliza kwa heshima. Anayetingishika ni yeye.

Alhamisi, 7 Agosti
Koboko, kumpeleleza Muzamili. Anarekodi tangazo la duka la vitenge. Watu wanatembea ovyo, naye anawafuata kinyumenyume. Akagonga mkokoteni wa nyanya. Hajui kuamrisha watu. Nimerudi Arua na furaha tele.

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi. Wanawake wa Kinubi wakapanga mistari ya doluka, densi yao ya harusi, ngoma ikalia, mabega yakaanza kucheza. Nikapaza sauti: tulieni, kidevu juu, asitingishike mtu. Wakatii mara moja. Wengi nimewapiga picha za pasipoti, wamenizoea. Hata mpiga ngoma alibaki na mkono hewani. Dakika nne safi. Muzamili, mwalikwa tu, alitazama mdomo wazi. Wivu. Nikaenda kula pilau.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepeleka video. Ukoo mzima mbele ya televisheni. Wanawake thelathini wamesimama kimya. Kuku akapita. Bibi mmoja akapepesa macho. Hajati akasema: "Adriko, hii iko picha tu. Kuku peke yake ndiyo ilicheza doluka ya mtoto yangu."

Hawah akalia. Hapo niliumia kweli. Muzamili akatoa simu: alirekodi ngoma nzima nilipokuwa kwenye pilau. Hawah akaitazama mara tatu, akacheka na machozi yake. Muzamili akapewa harusi ya mdogo wake Hawah, Desemba. Mimi nikapewa chai.

Jumatano, 13 Agosti
Nimetafakari usiku kucha na kosa nimeliona. Ni yule bibi, na kuku. Nilipaswa kuwa mkali zaidi. Nimebandika kibao kipya mlangoni: ADRIKO, PICHA NA VIDEO ISIYOTINGISHIKA.

Saa tano akaja Anguzu, kocha wa timu ya mpira ya Ediofe. Anataka fainali yao ya Jumapili irekodiwe yote, dakika tisini. Nimekubali. Nimemwomba sharti moja tu: kipenga kikilia, wachezaji wote wajipange golini, warefu nyuma, wafupi mbele, na mpira ashike kapteni.